Timu isiyokuwa na kihamba

Msomaji wa Pasua, Moshi, ananiandikia: "Shikamoo mwalimu. Marehemu baba alicheza mpira hapa mjini. Tumebaki na picha moja tu, nyeusi na nyeupe, haina tarehe: wachezaji wamejipanga mbele ya lori, wengine wamechuchumaa. Mama anasema hiyo ni Ushirika. Vijana wenzangu wanasema timu zetu za Moshi na Arusha ziliuawa na siasa. Ni kweli? Na tukiisajili timu yetu ya mtaa kwa jina la Ushirika, tutakuwa tumeirudisha ile ya baba?"

Marahaba, mwanangu. Poleni kwa kuondokewa na mzee.

Barua yako nimeirudia mara tatu, na kila mara jicho linaganda kwenye lori. Wachezaji sitawatambua, vijana wa zamani waliovaa kaptula fupi wanafanana wote. Lori ndilo shahidi. Tutalirudia.

Kwanza hilo la siasa. Wenzako hawajakosea, ila wamelisema nusu. Siasa ndiyo iliyoizaa timu ya namna ile, ikailisha, na mlishaji alipoondoka hakutokea jamaa mwingine wa kusema mtoto ni wake. Kwa lugha ya nyumbani, timu ililima tambarare, haikuwa na kihamba. Wewe ni mtu wa huku, unaijua tofauti. Kihamba ni cha ukoo: kahawa, migomba na kaburi la babu vimo humohumo, na hakuna wa kuja kukuambia mwaka huu anapewa mwingine. Shamba la kule chini, enzi za mangi, watawala wetu wa jadi, uligawiwa kwa msimu. Ukishavuna, unasubiri tena kugawiwa.

Moshi ni mji wa ushirika kwa namna ambayo miji mingi haiwezi kujisifia. Wakulima wa kahawa walianzisha chama chao, KNPA, mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa KNCU, chama kikuu cha kuviunganisha vyama vya msingi vya huko migombani. Mwaka 1963 kikaja Chuo cha Ushirika, ambacho leo ni chuo kikuu. Timu kuitwa Ushirika, na uwanja kuitwa Ushirika, lilikuwa jambo la kawaida kabisa, kama mtu wa Mwanza alivyoona sawa kuiita timu yake Pamba.

Kabla ya Ushirika tulikuwa na King George. Leo ukimtajia kijana Memorial, akili yake inakwenda kwenye mitumba. Jina hilo ni kipande cha jina la uwanja, King George Memorial, kumbukumbu ya mfalme wa Uingereza. Bendera yake ilishushwa 1961, lakini kumbukumbu yake inaendelea kuitwa kila siku na wauza jinzi.

Sasa twende 1967. Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari, na mwaka huohuo Bunge likapitisha sheria ya kuunda Baraza la Michezo la Taifa. Watu wanakumbuka la kwanza na kulisahau la pili, ilhali kwa mpira yanakwenda pamoja. Benki, viwanda na mashamba makubwa yakaanza kuwa mali ya umma. Klabu nazo zikawa vyombo vya kusajiliwa na kusimamiwa na baraza la serikali. Upepo ulikuwa mmoja. Mwaka 1971 Sunderland ya Dar es Salaam ikaacha jina la Kiingereza ikawa Simba. Na mashirika ya umma, yenye magari, karakana, kumbi na orodha ndefu za mishahara, yakaanza kuwa na timu.

Jitafutie misimamo ya ligi ya miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, uisome kwa sauti: Pamba ya Mwanza, Tumbaku na Reli za Morogoro, Bandari ya Mtwara, Sigara, Pilsner, RTC Kagera, RTC Kigoma, Ushirika ya Moshi. Utadhani waziri anasoma bajeti. (RTC ni yale makampuni ya biashara ya mikoa. Mama yako atayakumbuka kwa foleni ya sukari kuliko kwa mpira.)

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu vijana wengi hamuelewi mambo yalivyokwenda, mnafikiri mzee alilipwa kama wachezaji wa leo. Hakulipwa kucheza. Sera ya nchi ilikuwa michezo ya ridhaa, na mtu kufanya mpira kuwa biashara yake lilikuwa jambo la kuonewa haya. Kwa hiyo kijana mwenye mguu aliajiriwa. Kwenye karatasi alikuwa karani, mlinzi, tarishi, utingo. Asubuhi anaripoti kazini, mchana anaruhusiwa kwenda mazoezini, mwisho wa mwezi anapanga foleni dirishani pamoja na wenzake. Nilimfahamu beki mmoja ambaye cheo chake kilikuwa mpiga chapa. Sina uhakika kama aliwahi kuigusa ile mashine. Usajili nao ulifanana na uhamisho wa kazi: straika anapotakiwa mji mwingine, anatafutiwa nafasi ya bohari huko. Na safari za ugenini? Lori. Lile lililobeba magunia Ijumaa lilifagiliwa, likatandikwa turubai, Jumamosi likabeba timu.

Usiyacheke maisha hayo. Mguu ulipovunjika, ajira ilibaki. Ulipofika umri wa kustaafu mpira, uliendelea na ukarani wako hadi mafao. Wachezaji wengi wa madaraja ya chini leo hawana hata kimoja kati ya hivyo viwili. Nikiulizwa ni mfumo gani uliomtunza mchezaji vizuri zaidi hapa kwetu, nitajibu ule, bila kusita. Nikiulizwa ni upi ulioitunza timu vizuri, hapo jibu ni jingine.

Mwenye timu alikuwa shirika, na shirika lilikuwa la serikali au lilikaa kwapani mwa serikali. Angalia kilichoipata KNCU yenyewe. Mei 1976 serikali ilivifuta vyama vikuu vya ushirika nchi nzima. Chama cha miaka 43, chenye majengo na watumishi na heshima kuliko ofisi nyingi za serikali hapa mjini, kikafutwa kwa tamko. Ununuzi wa kahawa ukaingia mikononi mwa mamlaka ya zao, na vijiji vikafanywa ndivyo vyama. Sheria ya kurudisha ushirika ikapitishwa 1982, na KNCU ikasimama upya 1984. Ukisoma jina lake rasmi utaikuta hiyo 1984 imekaa ndani ya mabano. Wengi hudhani ni namba ya usajili tu. Mimi naliona kovu.

Fikiria basi timu ya mpira iliyopachikwa juu ya mwenyeji anayeweza kufutwa Mei, akafufuka baada ya miaka minane akiwa na meneja mwingine, akaunti nyingine na madeni mengine. Itajipangaje? Nani ataweka kumbukumbu? Ndiyo maana ukizitafuta picha, daftari za wachezaji na vikombe vya timu zetu za mashirika unakuta vimetawanyika kwenye makabati ya watu binafsi. Ofisi iliyotakiwa kuvitunza ilifungwa, au ilihama, au iligeuka kuwa kitu kingine.

Kipindi kilichofuata nakipita haraka, maana unakijua hata kama hukukisoma. Mwinyi aliingia 1985, makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa yakaja 1986, ruzuku za mashirika zikaanza kukatwa, na miaka ya 1990 mashirika yenyewe yakauzwa au kufungwa. Upande wa kahawa, kufikia katikati ya miaka hiyo ya 1990 wanunuzi binafsi walikuwa wameruhusiwa. Mkulima wa Kibosho aliyezoea kupeleka kahawa chama cha msingi na kusubiri malipo akafuatwa nyumbani na mtu mwenye fedha taslimu mkononi. Ilikuwa haki yake kuzipokea. Ila kila gunia lililopita mlango wa pili lilikipunguzia ushirika uwezo, na mhasibu anapotafuta pa kupunguza haanzi na mshahara wa meneja. Anaanza na mpira. Ushirika ikatoweka daraja la juu. Sigara, Pilsner, Tumbaku na zile RTC zikatoweka pia. Timu za mashirika zilizofifia wakati huo ni nyingi mno kwa mtu kusema zote zilikosa washambuliaji kwa mkupuo.

Sasa jiulize nani waliobaki. Yanga ni ya 1935, Simba ya 1936. Wamepita mkoloni, uhuru, Azimio, mageuzi, vyama vingi, na sasa wawekezaji. Watu husema ni kwa sababu ya Dar es Salaam na wingi wa watu. Sawa, lakini Pilsner na Sigara nazo zilikuwa Dar es Salaam. Simba na Yanga walikuwa na vitu viwili ambavyo timu za mashirika hazikuwa navyo: kadi za wanachama, na nyumba. Msimbazi na Jangwani vilikuwa vihamba vyao. Hata wakigombana, wakipelekana mahakamani, wakigawanyika (mwaka 1976 mgogoro wa Yanga ulizaa Pan African), ugomvi ulikuwa wa wenye mali. Na kama Dar es Salaam unaiona mbali, tazama hapo Tanga: Coastal Union ya 1948, bingwa wa 1988, imeshuka imepanda, lakini ipo, kwa sababu kuna watu Tanga ambao ukiwaambia timu imekufa wanakukasirikia kana kwamba umemtukana mama yao.

Umetaja na Arusha, kwa hiyo niseme neno la viwanja. Uwanja mkubwa wa mji ule una jina la Sheikh Kaluta Amri Abeid, mshairi, Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam, aliyekuwa waziri alipofariki 1964. Mwenye uwanja ni CCM, kama ilivyo Kirumba ya Mwanza, Sokoine ya Mbeya na vingine vingi mikoani. Wakati wa chama kimoja hakuna aliyeona ajabu. Chama kilishika hatamu, na mpaka kati ya mali ya chama na mali ya wote haukuchorwa kwa kalamu nzito. Julai 1992 vyama vingi viliporuhusiwa, viwanja vikabaki kwa chama. Mjadala wa nani alipaswa kuvirithi haujaisha, na mimi sitaumaliza hapa. Kwa timu jambo ni moja: inaingia uwanjani kama mpangaji. Analipa, anacheza, anatoka.

Kwa mtu wa Moshi na Arusha hilo lina chumvi ya ziada. Mwaka 1995 majimbo ya miji yetu yote miwili yalichagua wabunge wa NCCR-Mageuzi. La Arusha lilirudi CCM baada ya kesi, lakini Moshi Mjini ilikaa upinzani hadi 2020. Kwa miaka 25 hiyo, kila mwaka wa uchaguzi nimeona jezi mpya zikishuka mitaani kama mvua za vuli: Kombe la Mbunge, kombe la diwani, mshindi anapata ng'ombe, wa pili mbuzi. Nimekaa meza kuu ya fainali moja ambapo wageni rasmi wa vyama viwili walishindana kukabidhi mpira uleule. Siwalaumu sana, angalau vijana walicheza. Lakini timu zilizozaliwa Agosti kwa ajili ya kura za Oktoba hazikuwahi kuiona Pasaka.

Pengo la mashirika lilizibwa na kambi za askari. Oljoro JKT ilicheza Ligi Kuu kutoka Arusha kuanzia 2011 hadi iliposhuka 2014. Polisi Tanzania ilipanda 2019 ikatumia uwanja wetu wa Ushirika, ikashuka 2023. Nilikwenda kuwatazama mara nyingi, na nilipenda nidhamu yao. Ila uliona mwenyewe: Simba na Yanga walipokuja, nusu ya jukwaa iliwashangilia wageni. Askari hakuwa wa mji. Alikuwa amepangiwa mji. Na Kitayosce, iliyoanzia hukuhuku Kilimanjaro, ikahamia Tabora, ikapanda Ligi Kuu 2023 na papo hapo ikaitwa Tabora United. Hakuna aliyeandamana hapa mjini. Ungeandamanaje kwa kitu ambacho hukuwahi kukilipia ada?

Miaka hii wenye mgongo wa kubebea wamekuwa halmashauri: KMC ya Kinondoni, Dodoma Jiji, Mbeya City, na Pamba iliyorudi Ligi Kuu 2024 kwa jina la Pamba Jiji. Nawatakia heri. Naona tu kwamba mkurugenzi wa jiji anahamishwa kwa barua moja, sawasawa na mkurugenzi wa shirika wa zamani.

Unaweza kudhani maradhi haya ni ya kwetu peke yetu. Hapana. Ipo timu moja ya Ujerumani ambayo huwa naitolea mfano kila nikizungumza na viongozi wa vilabu hapa, wananizoea sasa. Mji unaitwa Aue, mdogo, uko milimani, watu wake hawafiki hata nusu ya wa Moshi mjini. Baada ya Vita Kuu ya Pili ulijikuta upande wa Mashariki, na chini ya milima yake kuna urani. Kampuni ya uchimbaji, Wismut, ilikuwa ya Wasovieti, baadaye ya ubia na Wajerumani Mashariki, na urani ilikwenda kwenye mabomu ya Moscow. Kampuni ikawa na timu, kama kila kiwanda cha huko: Wismut Aue. Wachezaji walikuwa, kwenye karatasi, watu wa migodi. Unaona?

Mwaka 1954 wakubwa wakaamua timu ihamishiwe mji mkubwa wa jirani, ambao wakati huo uliitwa Karl-Marx-Stadt. Wachimbaji wakaja juu. Mwafaka uliopatikana unachekesha: timu ikachukua jina la mji mkubwa, lakini ikaendelea kuchezea nyumbani Aue. Kwa jina hilo la kuazima ikatwaa ubingwa wa Ujerumani Mashariki 1956, 1957 na 1959, na 1963 ikarudi kuitwa Aue. Kisha ukuta wa Berlin ukaanguka 1989, nchi ikaungana 1990, na uchimbaji wa urani ukakoma mwaka huohuo. Mlishaji amekufa, na timu imeshuka daraja msimu uleule. Kwa hesabu zetu hapo ndipo hadithi inapoishia. Kwao haikuishia. Timu ikawa klabu ya wanachama, na 1993 ikaacha jina la kampuni ikachukua la milima yenyewe, Erzgebirge Aue. Nembo ikabaki na nyundo mbili za wachimbaji zilizopishana. Mwaka 2003 ikapanda daraja la pili la Ujerumani iliyoungana.

Wao walipata nini ambacho sisi hatukukipata? Fedha, ndiyo, usinidanganye kwamba fedha si kitu. Lakini rudi 1954. Mji uliogombea timu yake wakati mwenye mali angali hai na ana nguvu, ulikuwa umeshajiandikia umiliki miaka 36 kabla ya karatasi kuja. Hapa kwetu sijawahi kukutana na mzee anayekumbuka mji mzima ukimwambia mwenye shirika: timu hii haiondoki.

Ndiyo maana kwenye swali lako la jina nina kigugumizi. Kulisajili kuna taratibu zake: anza kwa afisa michezo wa manispaa, mwonyeshe katiba na orodha ya wanachama, atakuelekeza hadi kwa msajili, kisha chama cha mpira cha mkoa. Jina kama Ushirika huenda likazua swali la nani ana haki nalo, kwa hiyo waulizeni wenye uwanja na wenye chama kabla hamjachapisha jezi. Hiyo ndiyo sehemu nyepesi. Nzito ni hii: mmeshakusanya ada ya mwezi wa kwanza? Hata shilingi elfu moja moja. Kama watu arobaini wa Pasua watalipa elfu moja kwa mwaka mzima bila mlezi yeyote kuwaongezea, mtakuwa mmefanya kitu ambacho sijakiona mji huu ukikifanya kwa timu ya mpira, muwe mmeiita Ushirika au mmeiita Mbege Rangers. Na mlezi akija, mpokeeni, mpeni soda, msimpe daftari la wanachama.

Kuhusu mzee, magazeti ya Uhuru na Mfanyakazi ya wakati ule yaliandika matokeo ya ligi na mara nyingi majina ya wafungaji. Maktaba zenye nakala za zamani zinapekuliwa kwa uvumilivu. Nenda na mwaka mkononi, la sivyo utazeekea humo.

Na mwaka utaupata kwenye lori. Chukua kioo cha kukuzia, tazama mlango wa dereva, pale magari ya ofisi yanapoandikwa jina la mwenyewe. Ukiona KNCU, picha ni ya kabla ya Mei 1976 au ya baada ya 1984, na mama atakusaidia kuchagua kwa kukumbuka kama ulikuwa umezaliwa. Ukiona jina la mamlaka ya kahawa, baba alisimama hapo katikati, miaka ile ambayo ushirika haukuwepo kisheria, na itabidi tumuulize mama tena kwa nini anaiita timu hiyo Ushirika. Ukiona herufi zimepakwa rangi juu na nyingine zinachungulia chini yake, usiisugue hiyo picha kwa kitambaa chenye maji. Ifunge kwenye bahasha kavu uniletee.